Boriti Juu, Mitalawanda Chini

Ukitaka kujua upana wa choo cha nyumba kongwe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja, usisumbuke kutafuta futi. Uliza boriti ina urefu gani. Mti wa mkoko ulionyooka, uliokatwa vizuri na kuvuliwa magome, huvuka nafasi ya mita mbili na nusu, au tatu kwa shida, kisha huanza kuelemewa na uzito wa dari. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani, kuanzia msana wa kupokelea wageni hadi choo cha ndani kabisa, ni vyembamba na virefu. Mwashi aliweza kurefusha ukuta apendavyo. Upana uliamuliwa na mti ulioota kwenye tope.

Naanza na choo kwa makusudi. Wanaoandika juu ya nyumba zetu huanza na mlango: nakshi zake, misumari ya shaba, jina la fundi kama linajulikana. Mlango una haki yake, lakini mlango ulichongwa uonekane na mpita njia. Mimi nimevutiwa zaidi na mti uliokaa mahali ambapo mgeni hafiki, penye maji na giza, palipomhitaji fundi ajue hasa mti ni kitu gani. Na kwa watu wa zamani wa pwani, neno choo halikuwa na maana ya shimo tu. Lilikuwa chumba kizima cha usafi: pa kuogea, pa kutawadhia na pa kujisaidia, mara nyingi kikiwa kimeungana na chumba cha ndani cha mwenye nyumba. Magofu ya Gede, yaliyoanza kuchimbwa na James Kirkman mwaka 1948, yanaonyesha kwamba watu wa huko walikuwa na vyoo na mahali pa kuogea ndani ya nyumba zao karne nyingi kabla ya meli za Uingereza kutia nanga Mombasa. Mbao hazikubaki. Katika magofu mengi ya pwani kilichobaki ni matundu yaliyopangwa mstari juu ya kuta, kila tundu likiwa alama ya boriti iliyokwisha kuoza au kuibwa.

Boriti ina historia ndefu kuliko nyumba nyingi zilizopo leo. Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Nchi ya Zanji ni hapa kwetu. Ghuba ilikuwa na mawe, ilikuwa na udongo, ilikuwa na pesa za lulu, lakini haikuwa na miti mirefu ya kuezekea. Majahazi yakaja na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na za delta ya Rufiji. Hadi mwaka 1939 biashara hiyo ilikuwa hai: Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait msimu ule, alikaa wiki kadhaa Rufiji akiwatazama mabaharia wakikata na kupakia boriti huku wakiumwa na mbu na homa. Chumba cha kale cha Kuwait na chumba cha kale cha Lamu vimekaribiana upana kwa sababu vilipimwa kwa mti mmoja.

Wakataji walikuwa na msamiati wao. Mti mwembamba kabisa ni fito, unaofuata ni pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe, kisha nguzo. Zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Walijua kuwa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ni mgumu na mzito, na mchwa huuogopa. Walijua mkandaa una magome yenye rangi ya kutilia ngozi, na Wajerumani walipoitawala Rufiji mwishoni mwa karne ya 19 nao wakayataka magome hayo hayo. Mchu walijua ni wa kazi nyingine. Fundi hakununua "mbao". Alinunua mti wenye jina, kwa kazi yenye jina.

Tuingie sasa ndani ya choo chenyewe. Inua macho. Boriti zimepangwa sambamba, nafasi ndogo kati ya moja na nyingine. Katika nyumba za wakwasi zilichongwa pande nne, na nyingine zikapakwa rangi. Juu ya boriti kuna vibamba vya mawe ya matumbawe, na juu ya vibamba kuna zege la chokaa na kokoto lililopigwa kwa vijiti siku baada ya siku, mara nyingi na wanawake walioimba ili mikono iende pamoja. Shusha macho. Kuta zimepakwa chokaa laini. Pembeni kuna birika la kujengwa, limejaa maji, na ndani yake samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Nyumba nyingine za Lamu zilizamisha bakuli la kauri la Kichina kwenye sakafu ya birika, ili maji yakipungua samaki wawe na pa kujihifadhi. Watu hawa walikuwa hawana mfereji wa bomba, lakini usidhani hawakufikiri.

Katika chumba hiki mti haukubandikwa ukutani. Ulikuwa juu ya kichwa, ulikuwa mkononi na ulikuwa chini ya unyayo. Ukutani palikuwa pa chokaa, kwa kuwa chokaa hulowa na kukauka bila kulalamika. Mkononi palikuwa na kata: kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti, cha kuchotea maji birikani. Chini palikuwa na mitalawanda.

Vijana wa umri wangu wengi hawajawahi kuvaa mtalawanda. Ni kiatu cha mti mtupu, kimeinuliwa juu ya visigino viwili, kina kijiti kimoja kinachosimama mbele cha kubanwa kati ya kidole gumba na cha pili. Kijiti hicho kina jina lake, msuruaki. Kiatu chenyewe kilichukua jina la mti uliokizaa, mtalawanda, ambao ni mwepesi na huchongeka bila taabu. Kilifanya kazi moja kwa ufasaha: kilimwinua mtu juu ya maji machafu ya sakafuni na kumtoa chooni akiwa bado na udhu wake na miguu safi. Na kilipiga kelele. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844, alikumbuka viatu vya mti katika kitabu chake cha maisha kilichochapishwa Berlin mwaka 1886, na alikumbuka pia mabafu mengi ya jumba lile na watu waliokuwa wakiingia na kutoka humo mchana kutwa. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba mtalawanda ulikuwa adabu yenye sauti: ukiusikia unakuja, unajua choo kina mtu, unarudi zako bila kubisha hodi.

Kulikuwa na miti mingine ya chumba hicho. Mswaki ulitoka kwenye mti wa mswaki. Liwa, kipande cha mti wenye harufu, kilisagwa juu ya jiwe kwa matone ya maji mpaka kikatoa uji laini wa kupaka usoni na mwilini, hasa kwa bibi harusi. Nguo alizovaa baada ya kuoga zilifukizwa udi, ambao nao ni mti. Ukihesabu vizuri utaona mtu aliyetoka kuoga alikuwa ameguswa na miti minne au mitano, kila mmoja mahali pake.

Nisiipambe picha hii kupita kiasi. Birika halikujijaza. Katika nyumba za mabwana wa karne ya 18 na ya 19 maji yaliteka kisimani na kupanda ngazi juu ya vichwa vya watumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo uungwana wa kuoga mara nyingi kwa siku ulikuwa na mtu mwingine nyuma yake, ambaye huenda hakuwa na choo chochote. Boriti nazo zilikatwa na watu waliosimama kwenye tope hadi magotini. Ninapousifu ufundi wa chumba kile, nataka watu hao wawemo ndani ya sifa.

Watawala wa Unguja walijaribu aina nyingine ya bafu pia. Mwaka 1850 Seyyid Said alimjengea mkewe Mwajemi, mjukuu wa Shah, hamamu ya Kidichi, juu ya kilima kati ya mashamba ya karafuu. Mwanawe Barghash akajenga Hamamni mjini, bafu la umma la mvuke, lililotumika hadi mwaka 1920. Nenda Kidichi utazame juu: chumba cha kuogea kimefunikwa na kuba. Kuba la mawe na chokaa halihitaji boriti, na halina kitu cha kuozeshwa na mvuke. Pale Hamamni mti ulipewa kazi nyingine. Ulikuwa kuni, ukichomwa ili maji yapate moto. Wajenzi wale walitofautisha chumba cha maji baridi, ambacho boriti ingeweza kukivumilia, na chumba cha mvuke, ambacho isingekiweza. Maarifa hayo tumeyapoteza polepole, na mimi nayajua kwa sababu yalifika nyumbani kwetu yakiwa katika sura ya ufa.

Nyumba ya babu yangu iko Mji Mkongwe, katika uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Ghorofa ya kwanza ina choo cha zamani chenye dari ya boriti tisa. Shangazi yangu, ambaye ndiye anayeishi humo, aliuona ufa kwenye chokaa muda mrefu, akauzoea. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib ikaporomoka na kuua watu wawili. Jengo lile lina historia yake na matatizo yake, lakini baada ya siku ile kila ufa wa mji ulianza kutazamwa upya. Shangazi akaacha kuoga humo. Akawa anaoga kwa jirani, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akivuka uchochoro na ndoo yake na kanga.

Kikao cha ukoo kilikaa Ijumaa moja baada ya sala. Ami yangu mkubwa alikuwa ameshaamua. "Toeni miti hiyo yote," alisema. "Wekeni nondo, mwageni zege, tumalize. Tumechoka na mambo ya makumbusho." Binamu yangu, anayefanya kazi katika utalii, alitoa simu akatuonyesha bafu la hoteli: ukuta mzima wa mbao zilizopakwa vanishi, kioo chenye fremu ya boriti, beseni jeupe juu ya gogo. Alisema tukifanya vile, vyumba viwili vya juu vinaweza kupangishwa kwa wageni. Shangazi hakusema kitu. Alikuwa akimtazama fundi.

Fundi huyo ni mzee wa kazi za chokaa. Alipanda ngazi na bisibisi, akaichomeka kwenye ncha ya boriti pale inapoingia ukutani. Ikazama kama imechomekwa kwenye muhogo uliochemshwa. Kisha akasogea hadi katikati ya boriti ile ile, akachoma tena kwa nguvu zake zote. Bisibisi ikagoma.

"Mti huu una umri kuliko sisi sote humu," alisema akishuka. "Katikati mzima, kichwani umeoza. Mnajua kwa nini?"

Ami akasema maji.

"Maji yalikuwepo tangu siku ya kwanza, bwana. Mti hauozwi na kulowa. Unaozwa na kukosa kukauka."

Akatuonyesha. Katika miaka ya 1980 ukuta ule ulipigwa lipu ya simenti juu ya chokaa ya zamani, ili uwe imara. Simenti haipumui. Unyevu uliokuwa ukitoka kupitia chokaa ulifungiwa ndani, ukatafuta njia nyingine, ukaikuta ncha ya boriti. Wakati huo huo familia iliyopangishwa juu iliwekewa choo kipya cha kuvuta maji, na bomba lake likapitishwa ndani ya dari. Na kidirisha cha juu, ambacho zamani kilikuwa wazi usiku na mchana, kilikuwa kimezibwa kwa matofali ili paka wasiingie. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila tengenezo lilikuwa na sababu yake, na kila moja liliuondolea mti nafasi ya kukauka.

Juu ya zege la ami, fundi alikuwa na swali moja tu: nani atalibeba? Kuta za matumbawe na chokaa zilijengwa kubeba dari inayonyumbuka kidogo. Zege la nondo halinyumbuki, na ni zito. Juu ya picha ya binamu alicheka kwa upole, akasema ukuta wa mbao katika chumba kisicho na dirisha ni chakula cha ukungu.

Kazi ilichukua miezi mitano. Lipu ya simenti iliondolewa kwa mkono, kipande kwa kipande, na chokaa ikarudishwa. Boriti nne zilibadilishwa, tano zikabaki. Bomba la juu lilitolewa nje ya ukuta. Kidirisha kilifunguliwa na kutiwa wavu, na paka wakabaki nje. Gharama ilizidi tulichochanga, na shangazi akauza bangili mbili bila kumwambia mtu mpaka baadaye. Ami hakuja kuona mpaka mwisho. Alipokuja aliinua macho, akahesabu boriti kimya kimya kwa kidole, kisha akauliza kama kuna maji ya kutawadha.

Tangu hapo nimekuwa nikiyatazama mabafu mapya kwa jicho jingine. Mbao zimerudi katika fasheni. Kuna vigae vilivyochapishwa mfano wa mbao hata vifundo vya mti vinaonekana. Kuna hoteli zinazotundika boriti zisizobeba kitu, zimegongomewa chini ya zege kama mapambo. Sina ugomvi na pambo. Wajapani huoga katika mabeseni ya mti wa hinoki, na Wafini huketi juu ya mabenchi ya mbao katika sauna zao, na mabafu yao ni mazuri. Lakini huko mti huchaguliwa kwa jina, hubaki bila kufungwa na rangi nzito, na hupewa muda na hewa ya kukauka kati ya kuoga na kuoga. Ni kanuni ile ile ya nyumba ya Lamu, imevaa nguo nyingine. Tunachokiiga kwenye simu ni sura ya mbao. Kanuni haipigwi picha.

Upande mwingine wa hesabu ni msitu. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na mwaka 2018 zuio la ukataji miti likawakuta wakataji wa Lamu wakiwa hawana kazi nyingine ya kushika. Mikoko hulinda ufuo na kulea samaki, na hakuna anayeweza kusema kwa dhati kwamba tuikate kama walivyoikata babu zetu. Boriti nne za shangazi zilitoka mahali fulani, zilibebwa na mtu fulani aliyetoka topeni. Njia ya heshima niliyoiona mimi ni kuzifanya zidumu. Boriti inayokaa miaka mia na hamsini ni mti mmoja uliokatwa. Inayooza kila miaka ishirini kwa sababu ya simenti na dirisha lililozibwa ni miti saba na zaidi.

Wenzangu wanaojenga au kupanga nyumba huniuliza siku hizi kama ni busara kutia mbao bafuni. Nawajibu kwamba waanze na dirisha. Hewa ikipita, mengi yanawezekana: kiti kidogo cha msaji cha kukalia, rafu isiyogusa ukuta, ubao wa kusimamia wenye nafasi kati ya papi na papi ili maji yapite, unaoweza kuinuliwa na kuanikwa juani. Ubao huo wa kusimamia, ukiufikiria, ni mtalawanda uliotanuliwa.

Mitalawanda yenyewe ilishindwa na kandambili, na kata ikashindwa na kopo la plastiki. Sitarajii zirudi; kandambili ni rahisi na haiteguzi mguu. Shangazi naye huoga kwa kopo la bluu. Ila sasa huoga nyumbani kwake, chini ya boriti tisa, na asubuhi kidirisha kikiwa wazi, ukipita uchochoroni utasikia maji yakimwagika juu, na sauti yake akimgombeza paka.